Jinsi ya kupima mpito wa sayari ya mbali ukiwa Nyanda za Juu Kusini: mwongozo kamili

Wengi wanaojaribu kazi hii kwa mara ya kwanza huishia na moja kati ya mambo mawili: mchoro wa mwanga wa nyota ulio bapa usioonyesha kitu, au wenye bonde zuri (mwanga ukishuka kisha kurudi) lenye saa isiyo sahihi. La pili ni baya zaidi, kwa sababu mtu hulifurahia na kulituma. Kwa kawaida darubini haina kosa. Makosa yako kwenye ncha ya kusini (nukta ambayo nyota huonekana kuizunguka) iliyolala chini kabisa ya anga letu, kwenye kuanza kupiga picha kwa kuchelewa, na kwenye saa ya kompyuta.

Mpito ni pale sayari inapopita kati yetu na nyota yake na kuziba sehemu ndogo ya mwanga. Katika kuchunguza sayari za mbali, darubini za angani kama TESS na James Webb hutegemea sana mipito, na muda wa James Webb hupangwa mapema sana. Lakini utabiri wa mpito huchakaa. Chukua sayari inayozunguka nyota yake kwa siku 4, na muda huo wa mzunguko una kosa la sekunde 1 tu. Kwa mwaka kuna mizunguko 91, hivyo utabiri utakuwa umepotea sekunde 91. Baada ya miaka 5 ni zaidi ya dakika 7. Anayeurekebisha ni mtu aliye chini na darubini ndogo, anayepima mpito mmoja na kutuma saa ya katikati yake. Kazi hiyo inawezekana kabisa Mbeya, Iringa au Njombe.

Mfano tutakaoutumia ni WASP-4 b, katika kundinyota la Phoenix. Nyota yake, WASP-4, ina mng'ao wa 12.5 (katika kipimo hiki namba kubwa ni nyota hafifu zaidi), mpito huchukua kama saa 2 na dakika 10, na mwanga hupungua kwa takriban asilimia 2.4. Kuanzia Septemba hadi Oktoba, wakati mvua hazijaanza, nyota hii iko juu vya kutosha.

## Vifaa

- Darubini yenye kipenyo cha milimita 150 hadi 200. Ya milimita 150 inatosha, ya 200 inakupa nafasi ya kupumua.
- Stendi ya mhimili wa ikweta yenye mota. Stendi ya juu-chini na kulia-kushoto huzungusha picha, na nyota za pembeni huhama pikseli usiku kucha.
- Kamera ya picha nyeusi-nyeupe inayopozwa. Ya rangi inafanya kazi, ila utapoteza mwanga.
- Filta ya R (nyekundu), au filta inayozuia mwanga wa bluu pekee. Bluu huumizwa sana na hewa nyota inaposhuka.
- Darubini ndogo na kamera ya kuongozea, pamoja na programu ya PHD2.
- Kompyuta mpakato yenye N.I.N.A. ya kupiga picha, ASTAP ya kutambua eneo la anga, na AstroImageJ ya kuchakata.
- Mkanda wa kupasha lenzi joto, na kinga ya umande.
- Betri ya volti 12, Ah 100.

Hesabu ya betri ni hii. Kamera inayopozwa hula wati 20 hadi 30, stendi 10 hadi 15, kompyuta 30 hadi 45, mkanda wa joto kama 10. Chukua wati 90 kwa saa 6, unapata Wh 540. Betri ya Ah 100 ina Wh 1,200, lakini ya risasi-asidi isishushwe chini ya nusu, kwa hiyo una Wh 600 za kutumia. Inatosha, bila ziada kubwa.

Usiunganishe stendi moja kwa moja na umeme wa nyumbani hata kama luku imejaa. Umeme ukikatika kwa sekunde mbili tu, stendi husahau inakoangalia na usiku umeisha. Endesha kila kitu kwa betri, kisha chaji ndiyo iunganishwe na umeme.

## Hatua ya 1: Chagua mpito unaofaa

Tumia kitafutaji cha mipito kwenye tovuti ya chuo cha Swarthmore. Ingiza latitudo na longitudo ya mahali pako: Mbeya mjini ni takriban -8.9 na +33.45. Alama ya kutoa kwenye latitudo ndiyo inayosahaulika mara nyingi. Ukiiacha, utapewa anga la kaskazini ya ikweta.

WASP-4 b huzunguka kwa siku 1.33823. Mizunguko mitatu ni siku 4 na dakika 21, kwa hiyo ukiukosa mpito wa saa 4:00 usiku Jumatatu, utaupata tena saa 4:21 usiku Ijumaa. Panga ratiba yako kwa kanuni hiyo.

Masharti ya mpito mzuri:

- Nyota iwe juu ya nyuzi 30 muda wote. Katikati ya Septemba, WASP-4 inatimiza hilo kuanzia karibu saa 3 usiku hadi saa 10 alfajiri. Katikati ya Oktoba inaanza saa 1 jioni.
- Uwe na saa nzima kabla sayari haijaingia, na saa nzima baada ya kutoka. Jumla ni zaidi ya saa 4.
- Mwezi uwe mbali kwa nyuzi 40 au zaidi, na usiwe mpevu.

Hiyo saa moja ya kila upande si ya kubembelezana. Kina cha bonde hupimwa kwa kulinganisha na mwanga wa kawaida wa nyota. Ukianza dakika sayari inapoingia, hujui kawaida ni ipi, na programu itakuchorea bonde lolote inalotaka.

Mwezi Mei, tumia WASP-43 b badala yake. Mpito wake ni mfupi, kama saa 1 na dakika 10, na kina chake ni asilimia 2.5. Angalizo: nyota hiyo iko nyuzi 9.8 kusini ya ikweta ya anga, hivyo kwa Mbeya inapita karibu kabisa na utosi. Nyuma ya bomba la darubini huweza kugonga mguu wa tripodi. Jaribu mkao huo mchana, mota ikiwa imezimwa.

## Hatua ya 2: Chagua uwanja

Unahitaji upande wa kusini ulio wazi. Mbeya mjini ina bahati hapa, kwa kuwa Loleza na Kilele cha Mbeya viko kaskazini. Tukuyu mawingu ni mengi hata kiangazi. Makambako upepo ndio tatizo: tafuta ukuta au ua unaokinga. Makete na Mufindi anga ni safi lakini baridi kali na ukungu wa alfajiri huja bila hodi, kwa hiyo mkanda wa joto uwashwe tangu mwanzo, siyo baada ya lenzi kulowa.

Kuanzia Agosti kuna moshi wa kuchoma nyasi na mashamba. Moshi ukiwa sawasawa angani hauharibu kipimo, kwa sababu unazipunguza nyota zote pamoja. Unaoharibu ni ule unaopita kwa mafungu. Kama unaona moto kwenye mlima ulio upande wa nyota yako, ahirisha.

## Hatua ya 3: Elekeza mhimili kwenye ncha ya kusini

Hapa ndipo wengi hukwama, na maelekezo yaliyoandikwa kwa ajili ya Ulaya hayasaidii.

Ncha ya kusini ya anga iko juu ya upeo kwa kiasi kilekile cha latitudo yako: Iringa nyuzi 7.8, Mbeya 8.9, Njombe 9.3. Nyota iliyo karibu nayo, Sigma Octantis, ina mng'ao wa 5.5 tu. Ikiwa chini hivyo, mwanga wake unapita kwenye hewa nene na moshi, na huioni. Usipoteze saa nzima kuitafuta.

1. Punguza pembe ya stendi. Stendi nyingi hazishuki chini ya nyuzi 15 hivi. Kama yako imegoma, fupisha mguu wa tripodi unaoelekea kusini au inua miguu ya kaskazini kwa tofali imara, mpaka stendi nzima iiname kusini. Hakikisha haipinduki kabla ya kupandisha darubini.

2. Angalia chuma cha uzito. Kwenye pembe ndogo namna hii, uzito wa kusawazisha hushuka hadi kugonga mguu wa tripodi. Zungusha tripodi ili nafasi kati ya miguu miwili ndiyo iwe njia ya uzito, au weka nguzo fupi ya kuongeza kimo.

3. Iambie stendi iko kusini ya ikweta. Ukiiacha kwenye kaskazini, mota huzunguka kinyume. Dalili ni nyota zote kuwa mistari mirefu hata kwenye picha ya sekunde 5.

4. Tumia njia ya alama tatu ndani ya N.I.N.A. Hii ni programu-jalizi inayopiga picha tatu sehemu yoyote ya anga, inatambua nyota, kisha inakuonyesha kosa la mhimili. Haihitaji kuiona ncha. Programu zinazotaka kamera ielekee nchani hazitakufaa huku.

5. Rekebisha skrubu za pembe na za pembeni mpaka kosa liwe chini ya dakika 3 za tao, yaani sehemu ya 20 ya nyuzi moja.

Mafanikio yanaonekana hivi: PHD2 ikiongoza, nyota isitoke nje ya pikseli 3 au 4 kwa saa nzima. Hili lina maana kubwa, maana kila pikseli ina hisia yake kwa mwanga. Nyota ikitangatanga, inabeba tofauti hizo na kuzigeuza kuwa mabonde ya uongo.

## Hatua ya 4: Weka saa sawa

Mwaka 2019 watafiti waliotumia data za TESS waliripoti kwamba mipito ya WASP-4 b ilifika takriban sekunde 82 kabla ya wakati uliotabiriwa. Saa ya kompyuta yako ikikosea dakika moja na nusu, unaweza kufuta ugunduzi wa namna hiyo au kuutengeneza pasipo kitu.

Windows husawazisha saa kwa nadra mno. Weka programu ya kusawazisha saa kwa mtandao, kama Meinberg NTP au Dimension 4, na iache ifanye kazi usiku kucha kupitia intaneti ya simu. Matumizi ya bando ni madogo sana. Pasipo mtandao, kipokezi cha GPS cha USB kinafanya kazi hiyo. Lenga kosa chini ya sekunde 1.

Kisha kuna kugeuza saa. Sisi tunahesabu usiku kuanzia jua linapozama, kompyuta inahesabu kuanzia usiku wa manane, na wanaastronomia wanatumia UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma yetu kwa saa 3. Kanuni rahisi: chukua saa ya usiku ya Kiswahili, ongeza 15, ukipita 24 toa 24.

- Saa 3 usiku: 3 + 15 = 18:00 UTC.
- Saa 6 usiku: 21:00 UTC.
- Saa 10 alfajiri: 25, toa 24, ni 01:00 UTC.

Tarehe nayo ina mtego. Kati ya saa 6 na saa 9 usiku, simu yako imeshaingia tarehe mpya lakini UTC bado iko jana. Mtu anayesoma "mpito tarehe 15, 22:30 UTC" akasubiri usiku wa tarehe 15 saa 4:30, atakuwa amefika saa 3 mapema. Mpito wenyewe utakuwa saa 7:30 usiku, ambapo kwetu ni tarehe 16.

## Hatua ya 5: Picha za kusahihisha

Picha bapa huondoa vivuli vya vumbi. Zipige machweo, darubini ikielekea utosini, ukiwa umefunga kitambaa cheupe safi mdomoni. Huku kwetu jua huzama wima, giza huja upesi: una kama dakika 10 tu za mwanga unaofaa. Andaa kila kitu kabla. Piga 30, kila moja ikiwa na wastani wa karibu nusu ya uwezo wa kamera.

Baada ya hapo usizungushe kamera wala kugusa filta hadi asubuhi. Kivuli cha vumbi kikihama, picha bapa zote hazina kazi.

Picha za giza, 30, zenye muda na joto lilelile la picha za nyota, zinaweza kupigwa mwishoni ukiwa umefunika darubini. Piga pia 30 za giza zenye muda sawa na wa picha bapa.

## Hatua ya 6: Piga mpito

Toa darubini nje saa moja kabla, ipoe.

Weka fokasi kisha ilegeze kidogo, ili nyota isambae kwenye pikseli 5 au 6. Inauma kuona picha isiyo kali, lakini ndivyo inavyotakiwa: mwanga ukigawanyika kwenye pikseli nyingi, kosa la pikseli moja halina nguvu, na baridi ikiisogeza fokasi kidogo huathiriki sana.

Kwa milimita 200 anza na sekunde 60. Pikseli ing'aayo zaidi kwenye WASP-4 na kwenye nyota linganishi zako (za jirani utakazoipimia nazo) iwe kati ya 20,000 na 40,000 kwenye kamera ya biti 16. Kilele ni 65,535. Nyota ikikigusa, imejaa, na hesabu yake si ya kweli tena. Acha nafasi juu, maana nyota inapopanda angani hung'aa zaidi.

Kisha weka muda huo na usiubadilishe. Wala usibadilishe fokasi, filta au joto la kamera katikati ya mpito.

Nyota inapovuka mstari wa kati wa anga (wa kaskazini-kusini kupitia utosi), stendi nyingi hugeuza darubini upande wa pili. Picha hupinduka, nyota hutua kwenye pikseli tofauti kabisa, na mchoro huruka ngazi. Tafuta mpito ulio wote upande mmoja. Kama haiwezekani, lazimisha mgeuko utokee ndani ya saa ya mwanzo au ya mwisho. Kamwe usiwe wakati sayari inaingia au inatoka, kwa kuwa miteremko hiyo miwili ndiyo inayobeba saa.

Kwa saa 4 na dakika 10 utapata picha kama 230. Kamera ya megapikseli 26 hutoa MB 52 kwa kila picha, jumla GB 12. Ukiunganisha pikseli 2 kwa 2 inabaki GB 3.

## Hatua ya 7: Chakata kwa AstroImageJ

NASA wana programu ya EXOTIC inayoendeshwa mtandaoni, nayo ni nzuri, lakini kupandisha GB 12 kwa bando la simu ni gharama isiyo na sababu. AstroImageJ inafanya kazi yote kwenye kompyuta yako bila intaneti, na mwishoni unatuma faili dogo la maandishi.

1. Sahihisha picha zote kwa picha za giza na bapa.
2. Jaza namba za mahali ulipo uwanja wako na ilipo nyota: WASP-4 iko saa 23 dakika 34 sekunde 15 (hapa saa ni kipimo cha mahali angani), na -42° 03′ 41″. Programu inazihitaji ili kugeuza saa kuwa BJD_TDB, yaani saa inayohesabiwa kutoka kitovu cha mfumo wa jua.
3. Chagua duara la kupimia, nusu kipenyo chake kikiwa mara 1.5 hadi 2 ya upana wa nyota. Pete ya anga inayolizunguka isiguse nyota nyingine.
4. Chagua nyota linganishi 4 hadi 8 zenye mng'ao na rangi inayokaribiana na WASP-4. Moja moja ichunguze dhidi ya nyingine. Inayoyumba iondoe, hata kama ni nzuri kwa macho.
5. Linganisha na umbo la mpito. Funga muda wa mzunguko na mwinamo wa njia kwa thamani zilizochapishwa. Acha huru saa ya katikati na uwiano wa ukubwa wa sayari kwa nyota.
6. Ondoa athari ya unene wa hewa pekee. Ukiondoa vitu vinne vitano kwa pamoja, utalainisha mpito wenyewe.

Matokeo mazuri yana kina cha karibu asilimia 2.4, nukta zilizotawanyika kwa sehemu 4 hadi 7 kati ya 1,000, na kosa la saa ya katikati lisilozidi dakika moja hivi. Mabaki baada ya kuondoa umbo yawe bapa, bila mawimbi.

## Mpito umekuja wakati usiotarajiwa?

Kabla ya kudhani umegundua kitu, soma ukubwa wa tofauti. Mara nyingi unajieleza wenyewe:

- Saa 3 kamili: umeandika saa za Afrika Mashariki mahali pa UTC.
- Nusu siku: umechanganya JD na MJD, namna mbili za wanaastronomia za kuhesabu siku. Moja huanza adhuhuri, nyingine usiku wa manane.
- Sekunde 30: umetumia mwanzo wa picha badala ya katikati yake, kwa picha za sekunde 60.
- Sekunde 69: umeacha kugeuza UTC kuwa TDB, saa ya wanaastronomia iliyo mbele ya UTC.
- Dakika kadhaa, hadi karibu 7 kwa WASP-4: hukusahihisha kwenda kitovu cha mfumo wa jua. Tofauti hii hubadilika kadiri mwaka unavyokwenda.
- Namba isiyofanana na yoyote kati ya hizi: kagua kumbukumbu za NTP za usiku ule.

Ikiwa bonde lina kina lakini upande mmoja umeinama, tatizo ni unene wa hewa au nyota linganishi zenye rangi tofauti. Ikiwa hakuna bonde kabisa, rudia kuangalia tarehe ya UTC, halafu hakikisha uliyoipima ni WASP-4 na siyo jirani yake: tambua eneo kwa ASTAP, usiamini jicho.

## Hatua ya 8: Tuma

Fungua akaunti ya AAVSO (chama cha Marekani cha waangalizi wa nyota zinazobadilika mwanga), upate msimbo wa mwangalizi, kisha pandisha faili kwenye hifadhi yao ya sayari za mbali. Mradi wa Exoplanet Watch wa NASA huchukua data kutoka hapo. ExoClock hupokea vipimo kwa ajili ya Ariel, darubini ya Ulaya inayoandaliwa kupima angahewa za sayari zipatazo 1,000, na ina orodha inayoonyesha sayari ambazo utabiri wake unahitaji vipimo vipya kwa haraka zaidi. Ukishauweza mpito wa WASP-4 b mara mbili, chagua kutoka orodha hiyo.

Tuma pia mpito usiokamilika, mradi uandike wazi kwamba mawingu yalikatiza na saa ngapi. Usifute nukta kwa sababu tu zimekaa vibaya; futa zile zenye sababu unayoweza kuitaja, kama wingu, taa ya gari au mtikisiko wa upepo. Na picha ghafi zitunze kwenye diski, kwa sababu anayekagua matokeo anaweza kuziomba.